Umeinua gari, mugongo ndio unalipa



Wakati wa mvua, kwa dispanseri tunapokea wanaume wengi wenye kushika kiuno. Tunawauliza: ulibeba kitu kizito kwa kazi? Hapana. Ulianguka? Hapana. Kisha tunauliza habari ya gari, na mara nyingi jibu ni lile lile: ni miezi miwili ao mitatu tangu aliiinua.

Munajua namna mambo inaendelea. Mutu anaweka akiba miaka mingi, ananunua Land Cruiser ya zamani ya kwenda nayo kwa shamba na kuleta mahindi. Mvua inaanguka, makamio yanachimba mitaro miwili katika njia, na katikati kunabaki kilima cha udongo. Gari inakwaruza tumbo. Rafiki anamuambia: «Uiinue tu.» Kwa garaji wanatoa resori za kiwanda, wanatia zingine ndefu na ngumu. Kama feza ni kidogo, wanasukuma kipande cha chuma kati ya resori na ekseli, basi. Gari inapanda santimetri 5 ao zaidi, inasimama kama jogoo, na kartie yote inatoka kuangalia. Juma ya tatu, bibi anakataa kupanda.

Na kile kilima? Kinaendelea kugonga. Ndiyo maneno yenye kuwauzi zaidi wale wanaokuja kwetu, na sababu yake ni rahisi. Resori inakaa juu ya ekseli. Ukiweka resori ndefu, unainua shasi na sanduku ya gari, lakini ekseli, pamoja na lile yai la chuma la diferensieli katikati ya mipira, inabaki pale ilikuwa. Mupira peke yake ndio unaweza kuinua yai: ukitia mupira wenye kuzidi ule wa zamani kwa santimetri 6, toka chini mpaka juu, yai linapanda santimetri 3. Ni kweli kama vikanyagio na bomba la moshi vinapona, na gari inapanda mwinuko mukali bila kugongesha pua. Lakini mutu alilipa juu ya kilima, na kilima kinamungoja palepale.

Sasa tuje kwa mugongo, maana hapo ndipo kazi yangu iko.

Zile resori ngumu zilifanywa kwa gari yenye kubeba muzigo kila siku: chuma kizito cha mbele, tanki ya pili, sanduku za vyombo. Wewe unatembea peke yako na jeki chini ya kiti. Resori haikunjiki. Kila shimo linatoka kwa mupira, linapita kwa kiti, linaingia katika mifupa yako. Mutu aliyekaa anaumizwa zaidi na mutikisiko wa kupanda na kushuka mara 4 mpaka 8 kwa sekunde moja. Katika kipimo hicho kiuno hakifuati kiti tu, kinazidisha ile nguvu. Misuli inakaza ili kushikilia uti wa mugongo, inachoka, na vile vitu laini vyenye kukaa kati ya mifupa vinapokea mapigo yote.

Hii si maneno ya kuogopesha watu. Katika mwaka wa 2002 nchi za Ulaya ziliandika sheria juu ya mutikisiko wa wafanyakazi. Wanapima nguvu yake kwa metri kwa sekunde mara mbili, kwa siku ya saa 8. Ikifika 0.5, mukubwa wa kazi anapaswa kufanya mupango wa kuipunguza, 1.15 ni mupaka, hakuna ruhusa kuupita. Mwili unahesabu siku nzima. Ndugu mwenye kuendesha kamio ya mawe ndani ya mine amekwisha kupokea sehemu yake akiwa kazini, tena kwa kiti chenye resori yake mwenyewe. Akitoka hapo na kuingia katika gari ngumu saa moja ya njia mbaya, anaongeza juu ya kile kimekwisha kujaa.

Mumoja wa timu ya usiku alirudi kwetu mara tatu. Dawa ilikuwa inamutuliza siku mbili, kisha maumivu yanarudi. Tulimuomba atuonyeshe gari. Alicheka, akasema: «Muganga, siku ya kubeba magunia kumi ya mahindi inatembea vizuri kama kitanda!» Hapo alijijibu mwenyewe: walimuuzia resori za muzigo asiokuwa nao. Lakini kuzitoa alikataa. Feza ilikuwa imekwisha kutoka, na vijana wa kartie wangemucheka. Ndugu zangu, ile haya inaumiza watu kuliko mashimo. Alikaa nayo miezi mingine miwili, mpaka asubuhi moja alishindwa kuinama kufunga viatu vya kazi, na siku hiyo hakupanda kamio. Resori zake alikuja kuziuzisha kwa mutu wa kubeba makala, ambaye anazifurahia.

Mugongo unaweza kupona. Gari ikipinduka ni mambo mengine. Fikiria gari yenye upana wa santimetri 150 kati ya mipira. Nusu yake ni 75. Tuseme uzito wake uko santimetri 75 juu ya udongo. Gawanya 75 kwa 75: unapata 1. Inua uzito huo santimetri 5 tu, inakuwa 75 kwa 80, ni kusema 0.94. Namba hii ikishuka, gari inapinduka kwa upesi zaidi. Utasema ni kidogo. Basi ongeza magunia ya bunga juu ya paa na watu wanaosimama nyuma, kisha piku-piku itoke gafula katika majani na wewe ukate usukani. Nani anabaki chini ya gari? Wale wa nyuma. Muzigo ukae chini, na mutoto akae ndani, mukaba umefungwa.

Freni pia zinaguswa. Magari mengi ya aina hii yana kifaa kidogo juu ya ekseli ya nyuma chenye kupima muzigo: gari ikishuka, kinaongeza nguvu ya freni za nyuma, ikipanda, kinapunguza. Ukiinua gari bila kukirekebisha, kinafikiri gari ni tupu siku zote, hata siku ya magunia. Bomba laini la mafuta ya freni linaweza kuvutwa sana mupira ukiingia shimoni. Na gari yenye resori za kuviringika mbele, ikiinuliwa bila kurudisha pembe ya ekseli, usukani unapotea-potea kwa mwendo mukubwa. Mipira mikubwa nayo inadanganya saa ya mwendo: ikizidi kwa sehemu moja ya kumi, saa inasema 60 na wewe uko 66. Taa zimepanda pamoja na gari, zinapofusha yule anayekuja mbele yako usiku.

Kama bado hujainua, peleka feza kwa amortisa mpya, mipira mizuri ya kipimo cha kiwanda, na vile vipande vya kauchu katika masikio ya resori. Gari nyingi zenye kulala chini zimechoka tu. Zikitengenezwa zinarudi juu zenyewe. Kama umekwisha kuinua, fundi aangalie freni na usukani kabla ya safari ingine, na umuulize wazi: resori hizi ni za kilo ngapi?

Kushuka pia kunataka akili. Usiruke. Ile sheria ya mashini kubwa itumike hata nyumbani: mikono miwili na muguu mumoja, ao miguu miwili na mukono mumoja, vishike kila wakati. Mama mwenye mimba asitikiswe saa nyingi katika gari ya namna hii, na muzee atafutiwe kikanyagio. Ukifika kwa shamba kisha njia mbaya, tembea kidogo mbele ya kuinua gunia la kwanza, maana misuli imechoka kuliko unavyosikia.

Mutu mwenye maumivu yanayoshuka katika muguu aje kwetu. Muguu ukilegea, ao kukiwa ganzi katikati ya mapaja, ao mukojo ukikataa kutoka, asingoje asubuhi: apelekwe hospitali siku ile ile.

Na ukija juu ya kiuno, kuja na gari. Tutakaa ndani pamoja, tuangalie kiti.