Je, Wajua? Upanga Unaolemewa na Damu

• Katika gemu ya Kijapani OneeChanbara, upanga huwa butu kadiri unavyokata mazombi. Damu hutapakaa kwenye bapa lake. Ikizidi, upanga hunasa mwilini mwa zombi na mchezaji hubaki wazi. Dawa ni moja: bonyeza kitufe, ukung'ute upanga, damu iruke. Mazombi hayasubiri umalize.

• Damu humrukia pia Aya, shujaa mwenye kofia pana ya wachunga ng'ombe. Ikimjaa, hupandwa na wazimu. Mapigo yake huwa mazito zaidi, lakini uhai wake huvuja hata asipoguswa. Sanamu ya mungu wa kike ndiyo humtuliza.

• Gemu hii ilitoka mwaka 2004 kwa PlayStation 2, ikiwa namba 61 katika mfululizo wa Simple 2000. Hiyo 2000 ndiyo iliyokuwa bei yenyewe: yeni 2,000. Gemu nyingi mpya ziliuzwa mara tatu hivi ya hapo.

• Mwaka 2008 Aya alitengenezewa filamu. Baadaye aliingia kwenye PSP, mashine ya mkononi yenye kioo cha inchi 4.3. Kundi zima la mazombi likaenea kiganjani.