Vizuia-tope vya Pikapu: Jinsi ya Kuvichagua na Kuvifunga

Mtu asimamaye kando ya barabara ya Kakamega hapo Kondele, mjini Kisumu, wakati wa mvua za masika, hana haja ya kuelezwa ubaya wa pikapu isiyo na mpira nyuma ya magurudumu yake. Mama auzaye omena hurushiwa maji machafu juu ya bidhaa yake. Mtoto wa shule hufika darasani na shati lililobadilika rangi. Mgonjwa aendaye kwa miguu katika Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wenyeji huiita Russia, hulowa kabla ya kumwona daktari. Hayo ni matope tu. Jiwe likimpata mwendesha bodaboda machoni, jambo huwa kubwa zaidi.

Kipande hicho cha mpira kininginiacho nyuma ya gurudumu, ambacho hapa tutakiita kizuia-tope, hudharauliwa na wengi kwa sababu gari laweza kwenda bila ya hicho. Basi yafaa tueleze kwanza kazi yake. Wengi hudhani ya kwamba jiwe hutupwa nyuma na kulifukuza gari lifuatalo. Sivyo. Pale tairi ligusapo ardhi, pikapu ikienda bila kuteleza, huwa kana kwamba limesimama. Ndipo linapoanza kuinuka. Jiwe lililonaswa katika meno yake huinuliwa pamoja nalo, na likiachiliwa hupanda juu angani. Gari lililo nyuma ndilo linaloliendea mbio na kulipokea kwa kioo chake. Tena urefu wa kupanda kwake hutegemea sana mwendo. Jiwe liachiliwalo mahali pale pale pa tairi, pikapu ikienda kilomita 60 kwa saa, hupanda karibu mara nne ya lile liachiliwalo kwa mwendo wa kilomita 30. Kwa hiyo dereva apunguzaye mwendo penye watu huongeza kinga kubwa kuliko mpira wo wote.

Kazi ya kizuia-tope, basi, ni kulikatiza jiwe njia mapema, kabla halijapanda. Kadiri ukingo wake wa chini ulivyo karibu na ardhi na karibu na tairi, ndivyo yapitavyo mawe machache. Lakini ukizidisha ukaribu huo utapata hasara nyingine, kama tutakavyoona.

Katika kuchagua, tazama upana kwanza. Tairi lenye upana wa sentimita 20 lataka kizuia-tope cha sentimita 24 au 25, kwa maana matope hutoka pia pembeni. Mafundi wa jua kali huweza kukikata kwa vitu mbalimbali. Mpira wa tyubu kuukuu ni rahisi kupatikana, lakini ni laini mno. Gari likienda kasi, upepo huuinua ukapepea kama bendera, na jiwe likapita chini yake. Kipande cha tairi kuukuu, kama kile cha kutengenezea akala, ni kigumu vya kutosha, ila ni kizito na kimejikunja. Na ikiwa ndani yake mna nyuzi za chuma, nyuzi hizo hutokeza baadaye na kumchoma mwenye kuosha gari. Bati lisitumiwe kabisa: hupiga kelele, hupata kutu, na likijikunja huwa kisu karibu na tairi. Kilicho bora ni mpira bapa wenye nyuzi za kitambaa ndani, unene wake kama milimita 5, uwezao kukunjwa kwa mkono na kurudi wenyewe.

Sasa twaja katika kufunga, na hapa ndipo wengi wanapopoteza fedha zao. Pikapu ikiwa tupu, sehemu ya nyuma huwa juu. Ikipakiwa magunia ya mchele kutoka Ahero, kamani hulegea na sehemu hiyo hushuka. Aliyepima gari likiwa tupu atauona mpira ukiburutwa chini siku ya kwanza ya mzigo. Pima gari likiwa limepakiwa, na uache sentimita 15 hadi 20 kutoka ardhini. Hata hivyo nyuma ya magurudumu ya mbele upimaji ni mwingine: zungusha usukani hadi mwisho wa kulia, kisha hadi mwisho wa kushoto, na uhakikishe ya kuwa tairi haligusi mpira po pote.

Wenye kupita katika nchi ya Kano wana jambo lao. Udongo mweusi wa huko hunywa maji, ukavimba na kunata. Wote walioyaona mafuriko ya Nyando ya mwaka 2020 na ya 2024 waujua vyema. Udongo huo hujaa kati ya tairi na kizuia-tope hata gurudumu likaona taabu kuzunguka. Kwa njia za namna hiyo acha nafasi ya upana wa kiganja nyuma ya tairi, ingawa mawe machache zaidi yatapita. Mwenye gari lisilotoka katika lami ya mjini aweza kupunguza nafasi hiyo.

Kabla ya kutoboa kwa keekee, chungulia upande wa pili wa bati. Hapo huweza kupita bomba la breki au nyaya za taa, na tundu moja la haraka laweza kuharibu breki yote. Bomba la moshi nalo lisikaribiane na mpira. Matundu yapakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya kutia bolti. Bolti zisikae juu ya mpira peke yake, kwa kuwa mpira huchanika. Weka bapa la chuma juu yake kutoka upande hadi upande, na washa pana nyuma ya bati. Bolti tatu zatosha.

Vizuia-tope vingi havichakai, bali hung'olewa gari lirudipo nyuma: mpira hunaswa na ukingo wa barabara au kichuguu cha udongo, tairi likaupanda na kuuvuta. Dereva ashuke atazame kwanza, au amwombe utingo wake amwelekeze. Baada ya juma la kwanza kaza nati tena, na kila uoshapo gari ondoa udongo uliojificha nyuma ya mpira, hasa ule mweusi, kwa maana hukaa na unyevu siku nyingi na kuozesha bati huku nje pakionekana safi.