Mpangaji ndiye benki ya mwenye nyumba

Mjadala wa makazi nafuu nchini Tanzania huanza na takwimu moja: upungufu wa nyumba milioni tatu, unaoongezeka kwa nyumba laki mbili kila mwaka. Imerudiwa bungeni na kwenye semina mpaka imezoeleka, lakini inahesabu nyumba bila kuuliza ni nani anayezikosa. Hapa Dar es Salaam, mlinzi wa lindo la usiku Posta, muuguzi wa zamu hospitali ya Amana, kibarua wa kiwandani Barabara ya Nyerere, wote hao wana pa kulala usiku huu. Wamepanga Mbagala, Buguruni, Tandale na Gongo la Mboto. Kuna mtu aliyewajengea, na mtu huyo ni nadra kuingizwa kwenye mipango ya makazi ya taifa hili. Ni mwenye nyumba mdogo: mstaafu aliyezika kiinua mgongo chake kwenye matofali, mjane anayeishi kwa kodi ya vyumba vinne, fundi aliyenunua kiwanja kwa maandishi ya serikali ya mtaa.

Nyumba ya Kiswahili ya Magomeni au Temeke inatosha kuonyesha kazi ya watu hawa. Mbele kuna baraza, ukumbi mwembamba unaikata nyumba katikati, vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, kisha ua wenye jiko, bafu na choo. Mwenye nyumba anakaa chumba kimoja au viwili, vinavyobaki anapangisha. Mita ya umeme ya LUKU ni moja, na ugomvi wa nani kawasha pasi hauishi. Hata hivyo sijaona ramani ya mtaalamu yeyote iliyowapa hifadhi wafanyakazi wengi kiasi hiki kwa gharama ndogo kiasi hiki, tena bila senti ya bajeti ya serikali. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam, zaidi ya milioni moja juu ya idadi ya 2012. Sehemu kubwa ya watu hao wapya walipokelewa na vyumba vya namna hii.

Serikali nayo imejaribu, tena zaidi ya mara moja. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa 1962, na miaka ya mwanzo lilibomoa vibanda na kujenga nyumba za kudumu mahali palepale. Kwa kuwa kila nyumba mpya ilichukua nafasi ya iliyobomolewa, fedha nyingi ziliongeza makazi machache tu. Miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mkondo ukageuka: viwanja vilipimwa na kuwekewa huduma Sinza na Kijitonyama, na Manzese ikaboreshwa bila kuvunjwa. Benki ya Nyumba, iliyoanzishwa 1972, ilikufa 1995. Kuanzia 2002 maelfu ya nyumba za serikali ziliuzwa kwa watumishi waliokuwa wakizikalia, na mtumishi aliyehamishiwa kituoni baada ya hapo akawa mpangaji wa mtaani kama wengine. Kampuni ya Watumishi Housing ikaja na lengo la nyumba 50,000. Magomeni Kota, kaya 644 zilisubiri takriban miaka kumi tangu nyumba zao zibomolewe mpaka zikakabidhiwa maghorofa mapya mwaka 2022. Maghorofa ni mazuri, sina ubishi. Ila kwa kasi hiyo, tukisubiri maghorofa yazibe pengo la nyumba laki mbili za kila mwaka, wajukuu zetu watapanga bado.

Mradi wowote wa kuuza nyumba unakwamia kwenye hesabu ya mshahara. Chukulia nyumba ya shilingi milioni 50 kwa mkopo wa miaka 15, riba asilimia 15. Benki zetu nyingi hutoza kati ya 13 na 19. Rejesho ni karibu shilingi 700,000 kwa mwezi. Kima cha chini cha mshahara serikalini, baada ya kupandishwa kutoka 370,000, ni 500,000. Ikate bei ya nyumba hiyo nusu, na rejesho linakuwa 350,000, ilhali sheria haimruhusu mwajiri kukata zaidi ya theluthi mbili za mshahara. Kwa hiyo hata nyumba ya milioni 25, ambayo hakuna anayeijenga mjini, haimfikii mtumishi huyo. Mlinzi wa kampuni binafsi tusimtaje kabisa. Kenya, ambako kila mwajiriwa sasa anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba na mwajiri wake anaongeza kiasi hichohicho, wamekusanya fedha tusizonazo sisi, lakini nao wanajenga hasa za kuuza.

Turudi basi kwa anayepanga. Chukulia chumba cha shilingi 60,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita, dalali anataka mwezi mmoja wa kwake. Hiyo ni 420,000 kabla ya kununua godoro. Kwa mwenye mshahara wa laki tano, inabaki 80,000 ya kula mwezi mzima, kama hakukatwa chochote. Ndiyo maana watu wanakopa ili wahame, au wanabaki kwenye chumba kinachovuja kwa sababu kodi ya miezi minne imeshaliwa. Tumezoea kuiita kodi hii ya mkupuo tamaa ya wenye nyumba, na wamo wenye tamaa. Lakini fuatilia fedha hiyo inakokwenda. Pita Chanika au Kivule, utaona boma lililofika kwenye linta, nondo zimetokeza juu zimeshika kutu, mpapai umeota sebuleni. Mwenyewe anasubiri mpangaji wa nyumba ya mbele alipe ya miezi sita ili anunue mabati. Kodi ya mkupuo ni mkopo wa ujenzi. Mfanyakazi wa kima cha chini anamkopesha mwenye kiwanja, bila riba na bila dhamana, kwa sababu benki haimkopeshi yeyote kati yao.

Ukiliona suala hili hivyo, dawa inabadilika. Mkopo wa milioni sita kwa miaka mitatu, kwa riba ileile ya asilimia 15, unarejeshwa kwa takriban 208,000 kwa mwezi. Ukipaua boma na kutia milango na madirisha kwenye vyumba vinne vya 60,000, unaingiza 240,000. Nafasi ni finyu: chumba kimoja kikikaa wazi miezi michache hesabu inayumba, na hapo ndipo penye kazi ya serikali, ama kwa kupunguza riba ama kwa kudhamini sehemu ya hasara. Njia yenyewe si ngeni. Leseni za makazi zilianza kutolewa Dar es Salaam 2004 kwa maeneo yasiyopimwa, na Benki Kuu imewahi kusimamia mfuko wa mikopo midogo ya nyumba chini ya mradi wa Benki ya Dunia. Kilichokosekana ni kumtambua anayepangisha kama mteja, badala ya kumwona mkwepa kodi ya Mamlaka ya Mapato (TRA) tu.

Wapo watakaosema huku ni kupalilia uswahilini. Hoja ina uzito, kwani karibu asilimia 70 ya wakazi wa jiji wanaishi kwenye makazi yasiyopangwa, na mafuriko ya Jangwani kila mvua kubwa yanatukumbusha maana yake. Lakini chumba hakigeuki kuwa kibaya kwa sababu kimejengwa na mtu wa kawaida. Kinakuwa kibaya pasipokuwa na mtaro, maji, wala njia ya gari la kunyonya choo. Mkopo unaweza kukataa boma lililo bondeni. Fundi wa mtaani anayejenga kwa fedha za mpangaji hamuulizi mtu. Wengine watasema mfanyakazi anataka nyumba yake, hataki kupanga maisha. Sawa, na wengi wanajenga kweli, tofali kwa tofali, huku wamepanga. Kila mkupuo wa miezi sita unamchelewesha huyo kununua saruji yake. Kijijini mambo ni tofauti: mwalimu anaporipoti shule isiyo na hata chumba cha kupanga jirani, hakuna mwenye nyumba wa kumkopesha, na hapo serikali haina budi kujenga yenyewe.

Pingamizi gumu kuliko yote ni la fedha za umma kumnufaisha mwenye mali. Kwa nini mlipa kodi amsaidie mwenye kiwanja? Jibu liko kwenye masharti. Tulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi ya pango ya 1984, ikafutwa 2005, na tangu hapo kila agizo la kuwataka wenye nyumba wapokee kodi ya mwezi limeishia kwenye vichwa vya habari, maana mwenye nyumba hakupewa kitu badala ya mkupuo. Mkopo ni kitu. Anayeuchukua atie saini kwamba kwa muda wote wa marejesho atapokea kodi mwezi kwa mwezi, kwamba choo kitatosha idadi ya vyumba, na kwamba akikiuka riba itapanda. Msimamizi hahitaji kuajiriwa upya. Ofisi ya serikali ya mtaa ndiyo inayogonga mihuri mikataba ya pango hata sasa, na mjumbe anajua nani kahamia na kalipa vipi. Mwenye boma la Chanika atakayeona masharti hayo mazito ana uhuru wa kuendelea kumkopa mpangaji wake. Shida atakayokuwa nayo ni kumpata wa kumkopesha, wakati jirani wa ukuta wa pili anapokea elfu sitini kila mwisho wa mwezi.