Twiga aweza kuondoka, nyoka je?

Shule zikifungwa watoto hukosa kutulia hadi wapelekwe kuona wanyama. Kule Giraffe Centre, Lang'ata, kituo kilichoanzishwa mwaka wa 1979, mtoto husimama jukwaani na chakula mkononi. Twiga akitaka, huja; akichoka, hugeuka akaenda zake. Hakuna anayemshurutisha.

Sasa vuka mji hadi Bustani ya Nyoka, karibu na Makavazi ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka wa 1961. Huko nyoka hana pa kwenda. Kioo kikigongwa, mtikisiko humfikia mwilini, na hawezi kuukimbia. Hata hivyo, hapo mtoto hujifunza kumtambua swila na kifutu, elimu inayoweza kumwokoa siku moja akizuru mashambani.

Kwa hivyo sisemi umnyime mwanao ziara hiyo. Nasema umshike mkono uliotaka kugonga kioo. Kisha umuulize: "Mnyama huyu akichoka nasi, atajificha wapi?" Mkikosa jibu, songeni mbele, mwacheni apumzike. Hilo nalo ni somo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.