Maji hayana nguvu? Usikimbilie pampu

Katika jiji hili la Dar es Salaam ukilalamika kwamba maji ya nyumbani hayana presha, jibu utakalopewa ni moja tu: nunua pampu. Jirani atakwambia hivyo, mwenye duka la vifaa atakwambia hivyo, na fundi atakuwa wa kwanza, maana yeye ana cha kupata. Mimi nasema ngoja kwanza.

Wengi wetu tunadhani tangi kubwa ndilo lenye nguvu. Si kweli. Simtanki la lita 5,000 na pipa la lita 200, maji yake yakiwa kwenye kimo kimoja, msukumo ni ule ule. Kinachosukuma ni urefu, kutoka uso wa maji tangini mpaka kwenye bomba. Kila mita 10 za kwenda juu hutoa takriban baa 1. Haya, piga hesabu: maji yako yakiwa mita 3 tu juu ya bomba la kuogea, unapata baa 0.3. Kwa kujaza ndoo yatosha. Lakini ukinunua shawa ya kisasa, na nyingi kati ya hizo zinataka baa 1 au zaidi, itakunyunyizia manyunyu na utaoga kwa subira.

Basi utajuaje kama tatizo ni kimo au ni njia? Tafuta ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ambao waashi hupimia usawa wa msingi. Funga ncha moja kwenye bomba la jikoni, isivuje, na ncha ya pili uisimamishe juu kwenye fito, ipite usawa wa tangi. Fungua bomba hilo, mengine yote yawe yamefungwa. Maji yatapanda ndani ya mpira mpaka usawa wa maji ya tangini, yatasimama hapo. Sasa mwambie mtoto afungue bomba la bafuni linalolishwa na njia hiyo hiyo. Maji ya mpirani yakishuka kidogo tu, njia ni safi na shida yako ni mnara mfupi. Yakiporomoka mita nzima au mbili, kuna kitu kinayabana huko njiani, na hata ukiuongeza mnara kile kitu utakuwa umekiacha pale pale.

Mara nyingi ni jambo dogo. Koki ya chini ya tangi imefunguliwa nusu, au tope limejaa kwenye tundu la kutokea. Katika nyumba za zamani mabomba ya chuma huota kutu kwa ndani mpaka nafasi inayobaki ni kama unene wa penseli. Ikiwa ni bomba moja tu ndilo dhaifu, fungua kichujio cha mdomoni ukioshe. Kama maji huanza kwa nguvu kisha yanafifia, legeza mfuniko wa tangi: huenda tundu la hewa limeziba. Na kama shida ilianza baada ya tangi kukauka, pengine hewa imenasa mahali ambapo bomba limepinda kwenda juu kama mgongo wa ngamia.

Pampu ina mahali pake, sikatai. Ninachokipinga ni ile inayofungwa moja kwa moja kwenye bomba la mtaani, ikanyonya. Mtaani kwetu ziko, na siku ya mgawo unazisikia zikinguruma tangu alfajiri, huku nyumba za mwisho wa njia zikiambulia upepo.

Lakini ubaya wake haukomi kwenye kunyang'anyana maji. Mabomba ya chini ya ardhi yana nyufa na maungio yaliyolegea. Yakiwa na msukumo, maji huvuja kwenda nje. Yakinyonywa na pampu msukumo ukiwa mdogo, mambo hugeuka: kilichoko nje huvutwa ndani. Na nje ya bomba, ndugu zangu, mara nyingi kuna mtaro, au shimo la choo la mtu. Maji yaliyosafishwa Ruvu yanaingia kwako yakiwa yamebeba hayo, na kwa jirani asiye na pampu pia. Jiji hili lilizukiwa na kipindupindu mwezi Agosti 2015, kikaenea mikoani. Sisemi kililetwa na pampu. Nasema ugonjwa ule hupita kwenye maji yaliyoingiwa na kinyesi, nasi hatuna haja ya kuutengenezea njia.

Mwenye kutaka pampu aweke tangi chini, maji ya mtaani yaingie yenyewe kwa nguvu zake, boya liyafunge yakijaa. Pampu ivute kutoka tangi hilo, ipandishe mnarani. Na anayejenga sasa amwambie fundi ashushe bomba la inchi moja kutoka tangini, agawe kwa robo tatu, nusu inchi ibaki kwa kipande kifupi cha kufikia bomba lenyewe. Mafundi wengi hupitisha nusu inchi nyumba nzima kwa sababu ni rahisi kwa bei.