Gogo la Sponji na Mgongo wa Mfanyakazi



Jembe likivunjika mpini, hutiwa mwingine. Mashine ikiharibika, fundi huitwa na kipuri huagizwa. Lakini mgongo wa mchuma chai, mabega ya mpakiaji magunia na magoti ya mkata miwa havina duka la vipuri. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kueleza habari za kifaa kimoja ambacho siku hizi kinasifiwa sana kwa kutuliza misuli iliyokaza. Tutasema kinafaa wapi, kinashindwa wapi, na ni jambo gani kisitumiwe kulifunika.

Kifaa chenyewe ni gogo la mviringo la sponji ngumu, lenye unene wa sentimita 15 hivi na urefu wa kati ya sentimita 30 na 90. Wanamichezo ndio walioanza kulieneza. Mtu huliweka sakafuni, huliegemeza chini ya sehemu inayouma, kisha hujisukuma mbele na nyuma polepole ili uzito wa mwili wake mwenyewe ukande msuli. Ni kukandwa kule kule tunakokujua tangu utotoni, ila hapa mtu hujikanda mwenyewe bila kumsumbua mtu. Gogo la dukani lina bei isiyolingana na mshahara wa kibarua, lakini la kutengeneza nyumbani halina gharama kubwa, kama tutakavyoonyesha.

KWA NINI MISULI HUUMA

Yapo maumivu ya namna mbili, nayo yasichanganywe.

Ya kwanza humpata mfanyakazi mpya, au aliyerudi kutoka likizo, au sote msimu unapoanza. Siku ya kwanza mtu hujiona mzima. Kesho yake huamka amekakamaa, na siku ya pili au ya tatu ndiyo kilele. Baada ya hapo maumivu hupungua yenyewe, na kwa kawaida huisha kabla ya wiki kwisha. Wengi wamezoea kusema kwamba ni asidi iliyobaki mwilini. Sivyo. Asidi hiyo huondoka katika misuli kwa muda wa saa moja hivi baada ya kupumzika. Yanayouma ni majeraha madogo sana katika nyuzi za msuli, pamoja na kazi ya mwili ya kuyatengeneza.

Majeraha hayo huzidi pale msuli unaporefuka huku unazuia uzito. Kuteremka kilima na kikapu mgongoni, au kushusha gunia taratibu kutoka begani, ni kazi za aina hiyo. Ndiyo maana mchuma chai wa milimani aweza kupanda asubuhi bila taabu, lakini mapaja yakamlipiza kwa kule kuteremka.

Maumivu ya pili hayangoji msimu. Ni ya yule anayesimama mbele ya mashine ile ile zamu nzima, au anayeinama na panga kutwa, au anayerudia mkono ule ule maelfu ya mara. Msuli hapa haupati nafasi ya kulegea. Maumivu hurudi kila jioni, mahali pale pale, na wiki ikiisha hayaishi. Haya si uchovu wa kawaida. Ni ishara kwamba kazi yenyewe imepangwa vibaya.

GOGO HUFANYA NINI HASA

Mwaka 2015 watafiti wa Kanada walichapisha jaribio lao. Wanaume wanane wenye mazoezi walichuchumaa na kuinuka na chuma kizito mabegani mpaka mapaja yakauma. Kisha walitumia gogo dakika 20 mara tu baada ya zoezi, na tena siku mbili zilizofuata. Walipolinganishwa na safari waliyofanya zoezi lile lile bila gogo, maumivu yao yalikuwa pungufu. Mwaka 2019 watafiti wa Ujerumani walikusanya majaribio 21 ya namna hiyo na kuyapima kwa pamoja. Waliona kwamba faida ipo lakini si kubwa: maumivu hupungua kiasi, na viungo hunyooka vizuri zaidi kwa muda mfupi.

Tuyapokee matokeo hayo kwa kipimo chake. Waliopimwa wengi wao ni vijana wa michezo, ambao baada ya zoezi hula, huoga na kupumzika. Hawakuwa akina mama wenye miaka ishirini ya kuchuma chai, ambao wakitoka shambani huteka maji na kutafuta kuni.

Wataalamu pia hawaamini sana kwamba gogo huvunja mafundo katika nyama. Inaelekea zaidi kwamba ule mgandamizo huituliza mishipa ya fahamu, maumivu yakapungua, na msuli ukalegea. Kwa hiyo methali ya dawa ya moto ni moto haina kazi hapa. Anayejigandamiza mpaka akauma meno hapati nafuu zaidi. Hupata alama nyeusi.

KULITENGENEZA

Tafuta kipande cha bomba la plastiki la maji machafu, lile nene la inchi 4, chenye urefu wa sentimita 40 hivi. Sugua ncha zake kwa msasa zisikwaruze. Zungushia sponji ya godoro kuukuu au blanketi lililochakaa, mara mbili au tatu, kisha kaza kwa ukanda uliokatwa katika mpira wa ndani wa baiskeli. Lisiwe gumu kama jiwe. Kwa bega na unyayo, mpira wa tenisi uliotiwa ndani ya soksi unatosha. Chupa ya kioo isitumike kabisa.

KULITUMIA

Vigimbi: Kaa sakafuni, weka gogo chini ya kigimbi, egemea mikono yako nyuma, kisha peleka mguu mbele na nyuma. Usifike nyuma ya goti.

Mapaja: Lala kifudifudi ukiegemea viwiko, gogo likiwa chini ya mapaja. Jisukume kutoka juu ya goti hadi karibu na nyonga.

Mgongo wa juu: Lala chali, gogo likiwa chini ya mabega, mikono imekunjwa kifuani na magoti yamekunjwa. Nenda juu na chini kidogo kidogo. Usilipeleke kiunoni wala shingoni, maana huko hakuna mbavu za kubeba mgandamizo.

Bega: Simama, weka mpira kati ya bega na ukuta, uegemee taratibu.

Kila mahali panatosha sekunde 30 hadi dakika moja, mara mbili au tatu. Pumua kama kawaida. Ukijikuta umebana pumzi, umezidisha uzito; uondoe kidogo kwa mikono. Usipitishe gogo juu ya mfupa wala kiungo.

ASIYEPASWA KULITUMIA

Mwenye kidonda, mfupa uliovunjika, au mishipa ya damu iliyovimba miguuni asiliweke mahali hapo. Mama mjamzito amwulize mkunga kwanza. Kigimbi cha mguu mmoja kikivimba, kikawa na joto na kuuma, kisikandwe kamwe, kwani huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na kipande chake chaweza kwenda mapafuni na kuua.

Zipo pia dalili zinazodai hospitali siku hiyo hiyo. Kwanza, maumivu ya mgongo yanayoambatana na ganzi sehemu za siri, miguu kukosa nguvu, au kushindwa kuzuia mkojo au choo. Pili, mkojo wa rangi ya chai ya rangi baada ya kazi nzito juani, kwa maana misuli iliyoharibika sana humwaga sumu inayoziba figo. Ganzi ya vidole inayomwamsha mtu usiku nayo si kazi ya gogo. Imwone daktari mapema.

GOGO HALIPUNGUZI MZIGO

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Gogo hutuliza msuli wa jioni. Halipunguzi kilo za kikapu, halibadili kimo cha meza ya kufungia bidhaa, wala halimwongezei mtu dakika za mapumziko. Mwajiri akigawa magogo ya sponji na kuacha kipimo cha kazi kama kilivyo, amempa mfanyakazi kitambaa cha kufutia damu na kuuacha mwiba mguuni. Kifaa tukipokee kwa shukrani, lakini kisihesabiwe kuwa jibu la madai yetu.

Madai hayo yana msingi. Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mkataba namba 127 mwaka 1967, unaosema mfanyakazi asitakiwe kubeba kwa mikono mzigo ambao kwa uzito wake waweza kuhatarisha afya yake. Pendekezo namba 128 la mwaka huo huo lilitaja kilo 55 kwa mwanamume mzima, na nchi zilizoruhusu zaidi zikahimizwa kuteremka hadi hapo. Kwa wanawake lilitaka uzito uwe pungufu sana ya huo. Mwaka 2022 Shirika hilo liliingiza mazingira salama ya kazi katika haki za msingi za wafanyakazi. Hapa Uganda, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri achukue hatua zote ziwezekanazo kuwalinda wafanyakazi wake, awe na shamba la chai huko Toro, la miwa huko Busoga, au kiwanda mjini.

Tuwatazame na jirani zetu wa Kenya. Mamia ya watu waliochuma chai Kericho walidai kwamba kazi imewaharibu migongo na viungo, wakaishtaki kampuni yao katika mahakama ya Edinburgh, Scotland, ilikoandikishwa. Mwaka 2022 mahakama iliwaruhusu kushtaki kwa pamoja. Mwaka 2023 majaji wa rufani walilisimamisha shauri, ili madai yapelekwe kwanza Kenya chini ya Sheria ya Fidia ya Majeruhi Kazini ya mwaka 2007. Sisi tunaona fundisho moja katika safari hiyo ndefu. Popote shauri litakaposikilizwa, mfanyakazi ataulizwa maumivu yalianza lini, alikuwa akibeba nini, na alimwambia nani. Mkono uliokatwa na mashine huonekana na kila mtu. Mgongo huumia bila shahidi, isipokuwa maandishi.

Kwa hiyo tunashauri hivi. Maumivu yakidumu zaidi ya wiki mbili, au yakirudi kila jioni mahali pale pale, nenda zahanati na utake yaandikwe katika kadi yako pamoja na aina ya kazi unayofanya. Mwarifu nyapara na mwakilishi wa tawi, na uweke tarehe katika daftari lako. Asiyejua kuandika aandikiwe na mwenzake. Mwakilishi naye akusanye: ni wangapi katika kikosi chake wanaumwa kiuno, wangapi bega, na wanafanya kazi gani. Kumi wakilalamika mmoja mmoja, nyapara atasema ni wavivu. Kumi wakiwa katika orodha moja, wote wa mashine moja au kilima kimoja, hilo ni jambo la kupelekwa mezani.

Na mezani tusiombe mambo ya mbali. Kikapu kipimwe na kumwagwa mara nyingi zaidi kabla hakijajaa pomoni. Vituo vya kupimia visogezwe karibu. Wasimamao wapewe kiti cha kupokezana, na kazi zibadilishwe kati ya zamu ili mkono ule ule usirudie jambo lile lile kutwa. Wanaoanza msimu wapewe siku za kuzoea kabla ya kudaiwa kipimo kizima. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa mgongo haujengeki.

Basi, anayeweza na atengeneze gogo lake Jumapili hii, ajikande, alale vizuri. Jumatatu aje kazini na daftari.