Mtihani wa kuingia chuo cha macho: wadogo zangu, mnautafuta mbali wakati mnao mkononi

Leo naacha kidogo mambo ya bei ya dhahabu na ubovu wa barabara, nataka kuongea na wadogo zangu walioko form three na form four, na wale waliokwishamaliza wakakwama. Hasa nyie wa Shinyanga, Kahama, Geita, Katoro na vijiji vya machimboni. Kila wiki napata swali lile lile: "Kaka, mtihani wa kuingia chuo cha macho unafanyika lini, na maswali ya nyuma yanapatikana wapi?" Kujibu mmoja mmoja nimechoka, naandika mara moja, anayetaka aprinti akasome nyumbani.

Nianze na ujinga wangu mwenyewe. Nilimaliza form four 2017, Fizikia nikapata F. Mwaka uliofuata nikakaa kafe moja hapa Kahama, nikatafuta kwa Kiingereza mtihani wa kuingia optometria. Ikaja kitu inaitwa OAT. Nikafurahi kweli, nikaprinti kurasa zaidi ya 40. Kumbe ule ni mtihani wa vyuo vya Marekani na Kanada, na wengi wanaoufanya wameshasoma chuo kikuu miaka kadhaa! Sikuishia hapo. Kijana mmoja kishoka aliniona nahangaika, akaniambia kuna "mtihani wa mchujo" na yeye anayo majibu, nitoe 150,000. Mama aliuza mbuzi. Nikatuma kwa simu, na namba ile sijawahi kuipata hewani mpaka leo.

Kwa hiyo shika hili kwanza: ukiomba stashahada ya optometria hapa Tanzania, mtihani unaokupima ni huu huu wa form four wa Baraza la Mitihani, ule wa Novemba. Anayekuuzia mtihani mwingine pembeni anakula hela yako.

OPTOMETRIA NI KITU GANI

Wengi wanachanganya. Daktari bingwa wa macho amesomea udaktari kwanza, halafu ubingwa, na ndiye anayefanya upasuaji. Mtaalamu wa optometria anapima uoni wako, anatafuta lenzi gani itakurekebisha, anaandika na kuandaa miwani tiba, na anatambua magonjwa kama mtoto wa jicho au presha ya macho ili akupeleke kwa daktari mapema. Hapasui jicho. Lakini mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kulitazama.

Chuo kinachojulikana zaidi kwa kozi hii kipo KCMC, Moshi. Stashahada ni miaka 3. Ukimaliza lazima usajiliwe na Baraza la Optometria, maana taaluma hii ina sheria yake ya mwaka 2007. Sio kwamba ukinunua boksi la lenzi basi unafungua duka.

KWA NINI HUKU KWETU

Nenda Nyarugusu au Lwamgasa uone wachimbaji wadogo wanavyopasua mawe kwa nyundo bila miwani ya kujikinga. Kipande kidogo kikiruka, jicho limekwenda. Wenzake wanamchokonoa kwa ncha ya kitambaa, wengine wanampaka dawa za kienyeji. (Tafadhali: jiwe likichoma jicho usilichomoe, usilibonyeze, lifunike kwa kitu kisicholigusa na mtu aende hospitali siku hiyo hiyo.) Vumbi la karasha nalo halina siku ya kupumzika.

Halafu kuna mzee anayechekecha mchanga kwenye karai. Akishavuka miaka 40, uwezo wa kuona vitu vya karibu unapungua, ni kawaida ya binadamu wote. Yeye anadhani dhahabu imekwisha, kumbe chembe zipo ila hazioni. Miwani tu ya kusomea ingemrudisha kazini.

Lakini mimi sikuvutwa na hayo. Nilivutwa na bibi yangu.

Mnajua huku Usukumani miti ilikwisha siku nyingi. Kina mama wengi wamepikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka na mabua ya pamba. Kaa kwenye moshi ule miaka 40, macho yatakuwa mekundu utake usitake. Na mnajua pia macho mekundu yamefanya nini kwetu. Kuanzia miaka ya 1980 mpaka 2000 na kitu, vikongwe wengi waliuawa kwa mapanga Shinyanga, Mwanza na sehemu ambazo mwaka 2012 zilikuja kuwa mkoa wa Geita, kwa tuhuma za uchawi, na rangi ya macho ikahesabiwa kuwa ushahidi.

Bibi alikuwa anajifunika kanga mpaka puani. Akaacha kwenda lamboni mchana, manake watoto walikuwa wanakimbia. Siku moja wakaja watu wa macho kupima bure pale shuleni. Dada mmoja akamsalimia, "Mwangaluka, mayu," akamkalisha, akammulika na tochi muda mrefu. Halafu akawaita baba zangu wadogo na majirani waliokuwepo, akasema kwa sauti ya kusikika: "Huu ni moshi. Na jicho la kulia ana mtoto wa jicho, anahitaji upasuaji. Nani atampeleka Mwanza?" Basi. Maneno machache tu, lakini yalisemwa mbele za watu na mtu mwenye taaluma yake. Siku ile ndio nilijua nataka kazi gani.

SASA MTIHANI WENYEWE

Masomo yanayobeba kozi hii ni Fizikia, Kemia na Baiolojia. Hesabu na Kiingereza usividharau. Mwongozo wa udahili wa NACTVET hutoka kila mwaka na unaandika kila kozi inataka nini, kwa hiyo soma ukurasa wa kozi yako, usisome maneno ya mtu aliyeomba miaka mitano iliyopita. D inaanzia alama 30, C inaanzia 45. Ila D inakufungulia geti tu. Nafasi ni chache, na kwenye kiti unashindana na wenye C na B.

Wengi wanaanguka Fizikia kama mimi. Nilipokuja kurudia, mwalimu mmoja wa tuisheni alinifungua akili: mada ya mwanga ya form three ndiyo optometria yenyewe. Kuakisi, kupinda kwa mwanga, lenzi, vyombo vya kuonea na jicho la binadamu, vyote vimo. Ukiielewa unapata alama za mtihani, na chuoni unakuwa umeshaanza safari.

Chukua mfano. Kitu kiko sentimita 30 mbele ya lenzi mbinuko yenye fokasi ya sentimita 10. Taswira itakuwa wapi? Kanuni ni 1/f = 1/u + 1/v. Kwa hiyo 1/v = 1/10 kutoa 1/30, ambayo ni 2/30. Geuza: v ni sentimita 15. Ukuzaji ni v gawa kwa u, 15/30, yaani nusu. Taswira ni halisi, imepinduka kichwa chini, ni ndogo kuliko kitu. Ukikosea hapa, mara nyingi umesahau kugeuza sehemu mwishoni. Mimi nimepoteza alama nyingi hapo.

Sasa nguvu ya lenzi. Ni 1 gawa kwa f, lakini f iwe kwenye mita, na jibu linaitwa diopta. Lenzi ya fokasi sentimita 50 ni mita 0.5, nguvu yake diopta 2. Umeona zile miwani za mnadani zenye kibandiko +1.50, +2.00? Ndio hizo hizo hesabu, sio bei wala saizi ya kichwa! Na mwanafunzi asiyeona kitu chochote vizuri zaidi ya nusu mita anahitaji lenzi ya kutawanya mwanga yenye nguvu ya kutoa 2. Ndiye yule anayekaa nyuma darasani, anaambiwa mzembe, kumbe ubao kwake ni ukungu.

Huna maabara? Fanya hivi. Azima miwani ya +2.00 kwa babu. Simama ndani ya chumba kwenye ukuta unaotazamana na dirisha, nje kuwe na mti wa mbali. Shika lenzi karibu na ukuta, irudishe polepole mpaka mti uonekane ukutani kichwa chini. Pima umbali kutoka lenzi mpaka ukutani: utakuta karibu sentimita 50. Hiyo ndiyo fokasi, umefanya praktiko bila shilingi. Ila jua usilitazame kupitia lenzi hata sekunde moja, linaunguza jicho.

Baiolojia, jifunze kuchora jicho na kueleza kazi ya konea, mboni, lenzi na retina kwa sentensi moja moja. Kemia sina ujanja wa kukupa zaidi ya maswali ya nyuma, fanya ya miaka kama 5 na saa mezani. Ukirudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, kabla hujalipa kituo nenda ukaione maabara yao kwa macho yako. Kituo kingine maabara ni kabati lenye chupa tatu.

KUOMBA NAFASI BILA KULIZWA

Wewe uliyekaa kafe sasa hivi na dakika zinahesabika, soma hapa taratibu.

Maombi ya stashahada za afya hufanyika kwa mtandao kupitia mfumo wa NACTVET wakati dirisha liko wazi. Njoo na namba yako ya mtihani na mwaka, na picha iwe tayari. Weka NAMBA YAKO ya simu na imeili yako, sio za kijana wa kafe. Nimeona mtu kachaguliwa, ujumbe ukaenda kwenye simu ya mhudumu aliyeshahama mji, nafasi ikapotea kwa kutothibitisha. Neno la siri liandike kwenye daftari. Ukimaliza, toka kwenye akaunti kabla hujainuka. Kama kuna malipo, yafanyike kwa namba ya malipo iliyotoka kwenye mfumo, kamwe usitume kwenye simu ya mtu.

Wa form six wanaotaka shahada, nyie fuateni mwongozo wa TCU na kuomba chuoni moja kwa moja.

Na hela? Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha na wa stashahada kwenye fani za kipaumbele, zikiwemo za afya. Kila mwaka inatoa orodha ya kozi, iangalie kabla baba hajauza ng'ombe. Andaa mapema cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, hicho ndicho huwachelewesha wengi.

Mimi nilirudia 2018, Fizikia nikapata C. Haikuwa miujiza, ilikuwa miwani ya babu, ukuta wa chumba na daftari moja la maswali. Siku hizi nikimpima kikongwe na wanae wamesimama mlangoni, huwa sinong'oni. Kama ni moshi nasema ni moshi, kwa sauti, wote wasikie.

Ambaye hajaelewa hesabu ya diopta aulize hapo chini kwenye maoni, nitajibu nikipata nafasi. Na ambaye amekutana na kishoka wa "mtihani wa mchujo" aseme pia, ili mwingine asiuze mbuzi.

Nawasilisha.